Toyota TS050: hitilafu zilizoliangusha Le Mans, na namna ya kuzitafuta kwenye gari lako

Malalamiko yanayofika gereji kwetu hayabadiliki. Gari halivuti. Klachi inanuka. Taa ya tairi inawaka na tairi zote zimejaa. Dashibodi imeandika kitu kuhusu haibridi (mfumo wa injini pamoja na mota ya umeme), na mwenye gari hajui asimame au aendelee. Siku hizi nayaeleza yote kwa kutumia gari moja ambalo hakuna mteja wangu aliyewahi kulipanda: Toyota TS050, gari la mbio za masafa marefu lililokimbia kuanzia 2016 hadi mwisho wa 2020. Gari hilo lilivunjika hadharani, kamera zikiangalia, na baadaye timu ikataja kifaa kilichokufa. Gari la mteja huvunjika saa nane usiku Chalinze, na shahidi pekee ni mlinzi wa kituo cha mafuta anayesema, "Lililia tu, likazima."

Kwa asiyelijua: liliundwa Cologne, Ujerumani, huku injini na mfumo wa umeme vikitoka kituo cha Toyota cha Higashi-Fuji, Japani. Injini ni V6 ya lita 2.4 yenye turbo mbili, kuna mota moja ya umeme mbele na nyingine nyuma, na betri ya lithiamu. Ukijumlisha vyote unapata nguvu farasi karibu 1,000 kwenye gari lisilofika kilo 900. Lilishinda Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, mara tatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020. Lakini miaka miwili ya mwanzo lilishindwa kwa namna ambayo mafundi bado tunaizungumzia, na hata miaka ya ushindi halikukosa vituko.

Tafuta dalili yako hapa chini. Sababu zimepangwa kuanzia ile tunayokutana nayo zaidi. Usiruke kwenda ya mwisho kwa sababu ndiyo yenye jina kubwa.

Dalili: injini inawaka, lakini gari halivuti

Jumapili tarehe 19 Juni 2016. Mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, zimebakiza dakika chache. TS050 namba 5 linaongoza, Kazuki Nakajima yuko kwenye usukani, Porsche namba 2 iko nyuma na hakuna anayeifikiria tena. Ghafla Nakajima anaiambia timu kwenye redio kwamba hana nguvu. Gari linapungua mwendo, linajikongoja hadi mbele ya jukwaa kuu, na hapo linasimama, zikiwa zimebaki kama dakika tatu. Porsche inapita pembeni yake na kuchukua ushindi. Wahandisi walibadilisha mipangilio ya kompyuta, gari likapata uhai tena, likamaliza mzunguko wa mwisho kwa karibu dakika 12. Kanuni ilitaka mzunguko huo ukamilike ndani ya dakika sita. Kwa hiyo gari lililoongoza hadi mlangoni halikupewa hata nafasi ya pili, halikuhesabiwa kabisa.

Timu ilipolifungua ikakuta hitilafu kwenye kiungio cha njia ya hewa, kati ya turbo na intakula (kipoza hewa). Kiungio hicho kilipoharibika, udhibiti wa turbo ukapotea. Injini yenyewe ilikuwa nzima, na haibridi pia.

Kazi ya turbo ni kushindilia hewa. Hewa ikishindiliwa inapata moto, kwa hiyo inapitishwa kwanza kwenye intakula ipoe, ndipo iingie kwenye injini. Kila kiungio kwenye njia hiyo kinabeba shinikizo na joto kwa wakati mmoja. Kikilegea, hewa inatorokea nje, kompyuta inaona hesabu hazilingani, inapunguza nguvu ili kuilinda injini. Injini inabaki inaunguruma kama kawaida, ila imenyimwa pumzi.

Kwenye gari lako, hasa dizeli yenye turbo, fuata mpangilio huu:

1. Hozi ya hewa imepasuka au imechomoka. Dalili zake ni mlio wa "fyuuu" ukikanyaga mafuta, moshi mweusi nyuma, na gari kuwa zito mlimani. Zima injini, subiri ipoe, chukua tochi. Anza kwenye turbo, fuata njia ya hewa kwa mkono mpaka inapoingia kwenye injini. Usiangalie juu tu. Pitisha vidole chini ya kila hozi na kuzunguka kila klipu. Ukikuta unyevu wa oili ulioshika vumbi, hapo ndipo hewa inapotokea.

2. Eya klina imejaa vumbi. Itoe, ishike juani. Kama mwanga haupiti, umepata jibu kwa dakika mbili. Kwa dizeli, angalia pia umri wa filta ya mafuta.

3. Kipaipu chembamba cha mpira kinachoiongoza turbo kimekatika. Kina unene wa mrija wa soda, kinakaa karibu na joto, kinakauka na kupasuka ncha. Mara nyingi unakata sentimita moja ya ncha iliyochakaa, unakirudisha, kazi imeisha.

4. Sensa ya hewa imechafuka. Inasafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Usiiguse kwa kitambaa wala petroli. Waya wake ni mwembamba sana.

5. Ekzosi manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) imepasuka. Hili nalo lilimkuta TS050. Mwaka 2020 namba 7 lilikuwa likiongoza usiku wa manane, likapoteza nguvu ya turbo, na ikakutwa manifoldi imevunjika. Kubadilisha kulichukua karibu nusu saa, ushindi ukaenda kwa namba 8, na namba 7 likamaliza la tatu. Kwenye gari lako utasikia "tik tik tik" injini ikiwa baridi, na utaona masizi meusi penye ufa.

6. Turbo yenyewe imekufa. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana mafundi wengi wanaanza nayo, na hapo ndipo pesa za watu zinapoteketea.

Kuna wakati ililetwa Prado ya dizeli iliyokataa kupanda mlima Kitonga. Mwenyewe anasema malori ya mizigo yalikuwa yakimpita, na anayeijua Kitonga ataelewa aibu hiyo. Alikuwa ameshanunua turbo ya mtumba na kuifunga. Ugonjwa ukabaki palepale. Nilipopitisha vidole chini ya hozi inayotoka kwenye turbo, vikarudi vyeusi, vimelowa. Upande wa chini kulikuwa na mpasuko mfupi kama kucha ya kidole gumba. Ukiibonyeza hozi unafunguka, ukiiachia unajifunga, na ukiitazama kwa juu hozi ni nzima kabisa. Turbo ya zamani alikuwa ameshaiuza kama chuma chakavu.

Simama hapa, ita fundi: moshi wa buluu mzito, mlio wa chuma kusaga chuma kutoka kwenye turbo, au taa ya oili kuwaka. Zima injini na usiiwashe tena. Kama dizeli imepandisha mzunguko yenyewe na haizimiki hata ukitoa ufunguo, na gari ni la gia za mkono, weka gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi ili injini izimike. Kama ni otomatiki, toa watu ndani ya gari na msogee mbali. Usiiname juu ya injini inayokimbia hivyo.

Dalili: klachi inanuka, injini inapanda mzunguko, mwendo hauongezeki

Mwaka 2017 Toyota walirudi Le Mans na magari matatu. Kamui Kobayashi akaweka rekodi ya kufuzu kwa namba 7, dakika 3 na sekunde 14.791, wastani wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa kwenye mzunguko wa zaidi ya kilomita 13. Saa ya kumi ya mbio namba 7 lilikuwa likiongoza. Gari la usalama (linalotangulia wengine ili kupunguza mwendo) likatoka, Kobayashi akaingia pit (sehemu ya kujaza mafuta na kubadilisha tairi), akajazwa mafuta, akafika mwisho wa njia ya kutokea na kukuta taa nyekundu. Akasimama. Mtu aliyevaa nguo za rangi ya chungwa akamsogelea na kumwonyesha dole gumba. Kobayashi akadhani ni mwongozaji wa mbio anamruhusu, akaanza kuondoka. Timu ikamwambia asimame. Akasimama, akaondoka tena, akasimama tena. Yule mtu hakuwa mwongozaji. Alikuwa dereva wa timu nyingine aliyetaka tu kumtakia heri, na baadaye aliomba radhi hadharani.

Sasa ufundi wake. TS050 likitoka pit linaondoka kwa umeme peke yake, na injini inaingia likiwa tayari linatembea. Klachi haikuundwa kulivuta gari kutoka sifuri. Katika mkanganyiko ule gari liliondoshwa kwa injini na klachi, zaidi ya mara moja, na klachi ikaungua. Gari la rekodi likaishia hapo.

Kwa gari la kawaida la gia za mkono:

1. Dereva. Kuegesha mguu kwenye pedali, kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, kuondoka kwa gia ya pili. Angalia mguu wako kwa siku mbili kabla hujanunua kitu. Kama gari linaendeshwa na watu watatu, anza kuuliza.

2. Pleti imelika. Kipimo: sehemu tambarare, hendibreki juu, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu huku ukiongeza mafuta kidogo. Injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuunguruma, pleti inateleza. Fanya mara moja tu. Nimeona mtu akirudia kipimo hiki mara sita ili amwonyeshe jirani, na klachi iliyokuwa na mwezi mmoja wa uhai ikafia uwanjani.

3. Klachi haiachii au haishiki mpaka mwisho kwa sababu ya kebo, au mafuta ya klachi kupungua. Angalia kikopo chake, na uchungulie chini kama kuna kuvuja.

4. Oili ya injini au ya giaboksi imeingia kwenye pleti. Hapa lazima giaboksi ishushwe. Bila kuziba kunakovuja, pleti mpya itakufa vilevile.

Nyongeza kwa wenye Prius na Aqua, haibridi za Toyota: gari lako halina klachi ya kuliondoa kutoka sifuri. Mota za umeme na gia za sayari ndizo zinazofanya kazi hiyo. Ukiambiwa klachi pleti ya Aqua yako imekwisha, omba uonyeshwe ile ya zamani, na usitoe pesa kabla hujaiona.

Simama hapa: moshi ukitoka chini ya giaboksi, au pedali ikibaki sakafuni. Vuta gari, usilisukume kwa kupigana na gia.

Dalili: dashibodi inasema tairi limepungua upepo, wewe huoni kitu

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine, kwa sababu kosa la Toyota ni lilelile linalofanywa kila siku kwenye vibanda vya tairi.

Le Mans 2019, imebaki kama saa moja. Namba 7 la Mike Conway, Kobayashi na José María López linaongoza kwa zaidi ya dakika mbili. Mtambo unamwonya López kwamba tairi la mbele limepata pancha. Anaingia pit, linabadilishwa tairi hilo moja, anatoka. Onyo halizimi. Tairi lenye pancha lilikuwa la nyuma. Mawasiliano ya sensa yalikuwa yamepishana, ya mbele ikasomwa mahali pa nyuma. López akazunguka polepole, akaingia pit mara ya pili, na namba 8 likapita. Namba 8 la Sébastien Buemi, Nakajima na Fernando Alonso likashinda kwa tofauti ya sekunde 17 hivi.

Kwako:

1. Upepo kweli umepungua. Tumia geji, tairi likiwa baridi. Jicho na teke havipimi kitu. Tairi la kisasa linaweza kupoteza robo ya upepo wake na bado likasimama vizuri. Pima yote manne na spea, kwa sababu baadhi ya magari yanaihesabu spea pia.

2. Tairi zilihamishwa, kompyuta haikuambiwa. Ulipopeleka la mbele nyuma na la nyuma mbele, sensa zilihama nazo, lakini dashibodi bado inazitaja kwa nafasi za zamani. Huu ndio ugonjwa wa namba 7. Kipimo chake ni cha bure: chagua tairi moja, litoe upepo kidogo, endesha pole kidogo, uone dashibodi inataja lipi. Likitaja jingine, sensa zimepishana na zinahitaji kusajiliwa upya kwa mashine. Jaza upepo kabla hujaondoka.

3. Betri ya sensa imekwisha. Imefungiwa ndani ya sensa na huishi miaka kadhaa tu. Gari lililoingia nchini likiwa na umri wa miaka minane lazima likufikishe hapa. Kwa kawaida taa huwaka kwa kumetameta kwanza, kisha hubaki imewaka.

4. Rimu zilibadilishwa, sensa zikabaki kwenye rimu za zamani. Muulize aliyekuuzia gari. Atakataa.

5. Pancha ya polepole kwenye valvu au ukingo wa rimu. Maji ya sabuni, povu litakuonyesha.

Na kama huna uhakika ni tairi lipi, kagua yote manne kabla hujafungua nati hata moja. Ingewachukua wale watu sekunde chache tu.

Simama hapa: tairi likishapasuka usiseme "nitafika tu pale mbele". Usiku uleule wa 2017, kama nusu saa hivi kutoka klachi ya namba 7 ilipokufa, namba 9 liliguswa na gari jingine, tairi la nyuma likapasuka mwanzoni mwa mzunguko. Nicolas Lapierre alikuwa na karibu mzunguko mzima mbele yake kabla ya kufika pit. Vipande vya mpira vikapiga mabomba ya haidroliki na ya oili ya giaboksi, moto ukazuka nyuma. Akajaribu kulikokota gari kwa umeme, likakata pumzi karibu kabisa na pit. Magari mawili yakawa yameondoka ndani ya muda mfupi huo. Kwenye gari dogo, mpira unaopigapiga hivyo hukata bomba la breki na nyaya za sensa za magurudumu. Kabla ya Le Mans 2018 Toyota walikaa kwenye majaribio wakijitengenezea matatizo kwa makusudi, hadi kuendesha gari kwa magurudumu matatu, ili dereva ajue namna ya kulirudisha nyumbani. Wewe huna haja ya kufika huko. Jizoeze tu kufunga spea mchana, nyumbani, na uhakikishe spana ya magurudumu inaingia kwenye nati zako.

Dalili: onyo la haibridi kwenye dashibodi

Namba 8 la 2017 ndilo linalonizuia kusema kwamba TS050 liliangushwa na vitu vidogo tu. Mota yake ya umeme ya mbele iliharibika, gari likakaa gereji karibu saa mbili, likatoka likiwa limeshapoteza nafasi ya kushinda. Wakati mwingine kilichokufa ni kikubwa kweli. Hata hivyo kwenye magari yanayoletwa kwetu, mota ni ya mwisho kwenye orodha:

1. Betri ndogo ya volti 12 imechoka. Haibridi inayokataa kuwaka mara nyingi inaumwa hapa. Pima kwa mita: ikiwa chini ya volti 12 gari likiwa limezimwa usiku kucha, ichaji au ibadilishe kabla hujazungumza habari ya betri kubwa.

2. Njia ya hewa ya betri kubwa imeziba. Kwenye Prius na Aqua kuna tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma. Watu wanaweka mikoba, mazulia na mifuko ya mchele hapo. Feni nyuma yake inajaa vumbi na manyoya, betri inachemka, taa inawaka. Hiki ndicho kitu pekee cha haibridi ninachomruhusu mteja asafishe mwenyewe: kifuniko cha nje na kichujio chake, gari likiwa limezimwa.

3. Pampu inayopoza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) imekufa. Gari linaenda vizuri, kisha kwenye foleni na joto onyo linatokea. Fundi wa haibridi anaichunguza mara moja.

4. Seli za betri zimezeeka. Inapimwa kwa mashine, seli kwa seli. Usikubali jibu la "betri imekufa" bila karatasi ya vipimo.

5. Inveta au mota.

Simama hapa, na ninasisitiza: nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa zina umeme unaoua. Prius ya kawaida ina volti kama 200 kwenye betri, na inveta inazipandisha juu zaidi ya hapo. Hata baada ya kuondoa plagi ya usalama, fundi anasubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, na bado anavaa glavu za volti 1,000. Le Mans wenyewe hawana mchezo na hili: gari la haibridi lina taa ya usalama, na waokoaji wanafundishwa kutoligusa mpaka taa ionyeshe kijani. Kama gari lako limegongwa au limeingia maji mpaka kwenye viti, lichukulie kama lile lenye taa nyekundu.

Dalili: injini inakatakata kama inataka kuzima

Kwa ufupi, maana sababu ya kwanza ni ya kuchekesha. Mafuta yamekwisha. Le Mans 2018, mwaka ambao Toyota hatimaye walishinda, Kobayashi aliipita njia ya kuingilia pit alipopaswa kuongeza mafuta. Akalazimika kuzunguka kwa mwendo wa kobe, akikamua tone moja moja, hadi alipofika tena. Namba 7 likamaliza la pili, mizunguko miwili nyuma ya namba 8. Kwa hiyo kabla ya yote, weka lita tano. Usiiamini geji ya gari la miaka 15.

Kama mafuta yapo, tuhumu filta na mafuta machafu. Mrithi wa TS050, GR010, aliugua hivyo mwaka 2021 kwenye Le Mans yake ya kwanza: mafuta hayakuwa yakifika vizuri kutoka kwenye tangi, na madereva wakawa wanabonyeza swichi kwa mpangilio maalumu huku wakikimbia ili gari lifike mwisho. Lilifika, na likashinda. Gari lako halina swichi hizo. Badilisha filta, na kama uliweka mafuta ya madumu njiani, mwambie fundi ukweli. Baada ya filta kuna pampu ya mafuta, kisha koili na plagi kwa petroli.

Simama hapa: harufu ya petroli ndani ya gari. Usiwashe, usifungue boneti na sigara mdomoni, usipime cheche.

Dalili: chini pamegonga

Agosti 2018, Silverstone, Uingereza, TS050 mbili zilimaliza ya kwanza na ya pili, kisha zote zikafutwa. Sakafu za mbele zilishindwa kipimo cha kupinda baada ya mbio. Toyota walisema kingo za barabara ndizo zilizoziharibu. Ushindi ukaenda kwa timu ya Rebellion. Dereva aliyekuwa ndani hakuhisi chochote cha kumzuia kuendelea, na ndivyo ilivyo kwa wengi wanaoruka tuta usiku.

Siku uliyogonga, egesha sehemu kavu na weka kadibodi chini ya injini usiku mzima. Asubuhi isome: tone jeusi au la kahawia ni oili, jekundu mara nyingi ni giaboksi ya otomatiki au usukani, la kijani au waridi ni maji ya rejeta, na lisilo na rangi karibu na gurudumu, lenye utelezi, ni mafuta ya breki. Likiwa hilo la mwisho, ita gari la kuvuta, hata kama gereji ni mtaa wa pili.